Mwongozo kamili wa kutazama viumbe vya pwani bahari ikipwa

Malalamiko ni yaleyale kila mara. "Tulikwenda kundi zima, tukaona mawe na mwani, tukarudi miguu imechubuka." Wengine wana habari mbaya zaidi: maji yaliwazunguka kwa nyuma, wakarudi wamelowa hadi kiunoni, simu zimekufa.

Makundi yote mawili yalikosea saa. Walioona mawe matupu walifika maji yakiwa hayajatoka vya kutosha, au yalikwisha kuanza kurudi. Waliozungukwa walifika kwa saa nzuri ila wakasahau kuondoka. Ndiyo maana hatua tatu za kwanza za mwongozo huu ni hesabu ya maji. Ukiiruka ukaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kaa na pweza, utarudi na malalamiko hayohayo.

Maelezo haya ni kwa marafiki wanne hadi sita wanaokwenda kutazama. Anayetaka kuvua au kuokota atafute mwongozo mwingine.

## Vitu vya kubeba

Kwa kila mtu:

- Viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli ngumu na vinavyofungwa. Viatu vya kamba vilivyochakaa vinatosha kabisa. Kandambili hapana: zinanaswa kwenye tope, zinakatika, na kidole kitupu ndicho kinachokutana na mwiba.
- Kofia na shati la mikono mirefu. Shati ni bora kuliko mafuta ya kuzuia jua, kwa sababu mafuta ya mikononi huishia kwenye dimbwi dogo ambamo viumbe hawana pa kukimbilia.
- Maji ya kunywa, lita 1 au zaidi.

Kwa kundi zima:

- Saa ya mkononi isiyoingia maji. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Filimbi mbili.
- Kopo la plastiki angavu, la lita 1 hivi, lisilo na harufu ya sabuni.
- Ndoo ya kutazamia (jinsi ya kuitengeneza iko hapa chini).
- Fimbo nyepesi ya kupimia kina na utelezi, na kijiti kifupi cha kuchomeka.
- Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Si ya chai, ni dawa. Utaona sababu yake mbele.
- Kibano cha kutolea miiba, bendeji pana, siki, maji safi ya kuoshea majeraha.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu hukimbia ukilowa.

### Ndoo ya kutazamia

Uso wa maji unapepesuka na kung'aa, kwa hiyo jicho halioni chini hata kama dimbwi ni la kina cha magoti. Ndoo hii inaondoa tatizo hilo.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 5. Kata kitako chake, ukiacha ukingo wa sentimita 2 kuzunguka. Tandaza plastiki angavu na nene juu ya tundu hilo, ivute hadi isiwe na mkunjo, kisha ifunge kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, mizunguko mitatu au minne. Zamisha kitako sentimita 10 ndani ya maji, utazame kwa juu.

Maji yatausukuma ule utando uinuke kidogo kuelekea kwako, na mbinuko huo unafanya kazi kama kioo cha kukuzia. Plastiki ikilegea utaona ukungu tu, ivute upya.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama mwezi

Bahari haipwi sawasawa kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana: hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayaji juu: hayo ni maji mafu.

Nenda wakati wa bamvua. Mahali pengi, maji hutoka mbali zaidi siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, kwa hiyo una dirisha la siku tatu au nne hivi. Mwezi Machi na Septemba bamvua huwa kubwa kuliko kawaida, na miamba ambayo kwa kawaida haionekani hubaki wazi.

Ukienda wakati wa maji mafu utaona sehemu ya juu tu ya pwani, ambayo ndiyo yenye viumbe wachache zaidi. Kosa hili peke yake linatosha kueleza yale "mawe na mwani".

## Hatua ya 2: Soma jedwali la maji, kisha geuza saa

Tafuta jedwali la bandari iliyo karibu na ufuo mnaokwenda. Litaonyesha saa na kimo. Kimo hupimwa kwa mita kutoka kiwango cha chini ambacho bahari hukifikia kwa nadra, kwa hiyo 0.2 ni maji yaliyotoka mbali kuliko 0.9. Namba yenye alama ya kutoa mbele yake ni zawadi: futa ratiba nyingine.

Sasa mtego unaowanasa watu wengi. Jedwali huandikwa kwa saa za tarakimu 24, nasi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Fanya hivi:

- Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6. Kwa hiyo 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi.
- Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18. Kwa hiyo 19:30 ni saa moja na nusu usiku.
- Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6. Kwa hiyo 04:10 ni saa kumi na dakika kumi alfajiri.

Angalia pia juu ya jedwali limeandikwa kwa saa za wapi. Baadhi ya majedwali hutumia saa za dunia, UTC, na usipoongeza au kutoa tofauti ya saa za kwenu utafika bahari imekwisha kujaa.

Katika pwani nyingi maji hupwa mara mbili kwa mzunguko wa saa 24 na dakika 50 hivi. Ndiyo sababu kila siku saa ya kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mkiahirisha safari siku mbili, msitumie saa ileile. Mtawahi kwa karibu saa mbili.

Umefanikiwa ikiwa: umeandika kwenye daftari tarehe, saa ya kupwa kabisa kwa saa zetu, kimo chake, na kimo cha kujaa kinachofuata.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji yatakavyorudi

Kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa 6. Watu hudhani maji huja kwa mwendo mmoja. Hayaji hivyo. Gawa tofauti ya vimo kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Tuseme kupwa ni mita 0.3 na kujaa ni mita 3.9. Tofauti ni mita 3.6, na sehemu moja ni sentimita 30. Basi saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30, ya pili 60, na ya tatu 90.

Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Saa nzima ya kwanza bahari inaonekana imelala. Mtu anasema, "Bado tuna wakati," anainama kupiga picha, na wakati huo mwendo unaongezeka mara mbili, kisha mara tatu. Kwenye ufuo wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 200, kupanda kwa sentimita 90 ndani ya saa moja kunamaanisha ukingo wa maji umesogea mita 180 kuelekea nchi kavu. Na maji hayaji kwa mbele tu. Huingia kwanza kwenye mifereji na mabonde yaliyo nyuma yako, kati yako na ufuo, wewe ukiwa umesimama pakavu unatazama bahari.

Kwa hiyo wekeni saa mbili na mziandike:

- Saa ya kushuka: saa mbili kabla ya kupwa kabisa.
- Saa ya kugeuka: dakika ileile ya kupwa kabisa, ikiwa ufuo ni mpana na tambarare au una mifereji. Ikiwa miamba imeshikana na nchi kavu na njia ya kurudi inapanda moja kwa moja, mnaweza kuongeza dakika 30. Zaidi ya hapo hapana.

Upepo mkali unaovuma kutoka baharini, au hali ya hewa ya dhoruba, huweza kuyaleta maji mapema na juu kuliko jedwali linavyosema. Jedwali linajua mwezi na jua tu, upepo haliujui.

## Hatua ya 4: Gawaneni kazi mkiwa bado pakavu

Mmoja awe mwangalizi wa maji. Kazi yake ni saa na bahari. Hapigi picha, na neno lake halibishaniwi. Mkiona inamchosha, mpokezane kila nusu saa, lakini pasiwe na dakika ambayo hakuna mwenye kazi hiyo.

Waliobaki wawe wawiliwawili. Kila wawili waonane kwa macho na wawili wengine. Filimbi ndefu moja ni "njooni". Mbili ni "tunarudi sasa". Tatu ni "kuna aliyeumia".

Mwambieni mtu aliyebaki nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Ulizeni pia kama eneo ni hifadhi. Baadhi ya hifadhi za bahari zinahitaji kibali hata kwa kutembea, na nyingine zimefungwa kabisa kwa muda. Mvuvi wa hapo atakuambia mambo ambayo jedwali halina: mfereji upi hujaa kwanza, mwamba upi una utelezi, wapi samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hulala mchangani.

## Hatua ya 5: Simama dakika kumi kabla ya kushuka

Tazameni mawimbi yanapovunjikia. Mawimbi huja kwa mafungu. Baada ya madogo mengi yanaweza kuja matatu makubwa. Ukitazama dakika mbili utaona madogo, ushuke, ukutane na makubwa. Mahali palipolowa juu ya mwamba pamelowa kwa sababu: wimbi lilifika pale.

Chomeka kijiti kwenye mchanga pale hasa maji yanapoishia. Baada ya dakika 10, kama maji yamekiacha kijiti nyuma, bado yanapwa. Kama kijiti kimezungukwa na maji, jedwali lenu au hesabu yenu ina kosa. Msishuke, rudini kwenye Hatua ya 2.

## Hatua ya 6: Shuka ukiyafuata maji

Pwani ya miamba ina mitaa, na kila mtaa una wakazi wake. Mpaka wa juu wa kiumbe mara nyingi huwekwa na ukavu na joto: akipanda zaidi atakauka. Mpaka wa chini mara nyingi huwekwa na majirani: akishuka zaidi ataliwa au atabanwa. Ukilijua hilo, unajua utafute nini wapi.

Mtaa wa juu kabisa, unaopata rashasha tu. Konokono wadogo wamejibana kwenye nyufa, wamefunga mlango wa kombe ili unyevu usitoke. Wanaonekana wamekufa. Hawajafa, waacheni.

Mtaa unaofuata una vigamba vyeupe vilivyogandamana na jiwe, kila kimoja kama kilima kidogo chenye tundu kileleni. Watu wengi hudhani ni aina ya chaza. Kumbe ni ndugu wa kaa na kamba: mnyama amelala chali ndani ya nyumba yake, miguu juu. Tafuta walio ndani ya dimbwi, weka ndoo ya kutazamia juu yao, tulia. Kile kitundu kitafunguka, kitatoka kitu kama unyoya mwembamba, kitachota maji na kurudi ndani. Hiyo ni miguu yake, anakula nayo. Usitembee juu yao: utawaponda, na kingo zao hukata ngozi kama wembe.

Mtaa wa katikati ni wa kome, chaza na konokono wa kombe la kofia. Huyu wa mwisho ana tabia ya kushangaza. Maji yakijaa huzunguka akila mwani uliopakaa kwenye jiwe, na wengi wa jamaa zake hurudi mahali palepale walipotoka, kwenye alama ambayo ukingo wa kombe umeichonga kwenye jiwe kwa kipimo chake. Ukimbandua kwa kisu, hata ukimrudisha pembeni, umemvunjia mfuniko: kombe halikai sawa penginepo, maji yanavuja, anakauka.

Mtaa wa chini, ulio wazi siku za bamvua tu, ndio mliokuja kwa ajili yake. Hapa kuna anemoni (mnyama laini anayefanana na ua), kiti cha pweza (mnyama wa umbo la nyota), jongoo bahari, nungu wa bahari mwenye miiba, sponji za rangi, na pweza mwenyewe. Mkifika saa mbili kabla ya kupwa na kushuka polepole, mtaufikia maji yakiwa ndiyo kwanza yanauacha, viumbe bado hawajajificha jua.

Mwendo: hatua fupi, mguu mzima chini, uzito mguu wa nyuma hadi wa mbele ushike. Mwani wa kijani kibichi na utando mweusi ndio wenye utelezi kuliko vyote. Pima kwa fimbo kwanza. Penye matumbawe, pita kwenye njia za mchanga. Tumbawe ni kundi la wanyama hai, na kipande ulichokivunja kwa unyayo mmoja huenda kilichukua miaka mingi kukua. Kwenye maji ya kifundo cha mguu yenye mchanga chini, buruza miguu usiinyanyue, ili taa aliyejifukia akusikie na kuondoka. Ukimkanyaga, atakupiga kwa mwiba wa mkiani.

## Hatua ya 7: Chagua dimbwi moja, keti

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote. Wanapita madimbwi 40 kwa nusu saa, wakiinama sekunde tano kila moja, na kivuli chao kinafika kabla yao.

Chagua dimbwi lenye mwani, mawe na ukingo wenye pango. Kaa jua likiwa mbele yako, kivuli kiangukie nyuma. Usiseme, usitie mkono. Dakika ya kwanza utaona maji. Dakika ya pili au ya tatu, kombe moja la konokono litaanza kwenda kasi kuliko konokono anavyoweza: huyo ni kaa mwenye mwili laini kwa nyuma, anayeishi ndani ya kombe la marehemu. Kisha kamba wanaopitisha mwanga, unaowatambua kwa macho yao tu. Kisha samaki wadogo walioshabihi jiwe. Kufikia dakika ya kumi utakuwa umehesabu aina ambazo wenzako wanaokimbia hawajaziona asubuhi nzima.

Tafuta pia jiko la pweza. Nje ya shimo lake kuna lundo la makombe matupu na vipande vya kaa, mara nyingi vikiwa safi kuliko vilivyotapakaa kwingine, na mawe madogo yamepangwa mlangoni. Usiingize mkono wala fimbo. Kaa mbali kidogo, tazama, jicho litatokea.

Kumbuka hali ya waliomo. Dimbwi lililokatwa na bahari hupata joto haraka, na mvua hupunguza chumvi yake. Ukimwaga maji yako ya kunywa humo, au ukanawa mikono yenye mafuta, huna tofauti na aliyemwaga sumu kwenye kisima.

## Hatua ya 8: Kugeuza jiwe bila kuua waliomo

Uhai mwingi uko chini ya mawe, na madhara mengi hutokea hapo pia.

1. Chagua jiwe lisilozidi kichwa chako kwa ukubwa. Kubwa zaidi litakuponyoka na kuponda.
2. Shika ukingo ulio upande wa mbali, uliinue likielekea kwako. Jiwe linakuwa ngao kati yako na aliyemo. Vidole visiingie chini.
3. Tazama si zaidi ya dakika moja. Viumbe wa chini hawajazoea jua.
4. Waliobaki wazi, wasukume kwa upole pembeni. Rudisha jiwe kwanza, polepole, kwenye shimo lake lilelile, upande uleule juu. Kisha mwache kaa aingie mwenyewe.

Namba 4 hapo juu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Watu hulirudisha jiwe juu ya kaa, au huliacha limepinduka. Jiwe lililopinduka linaua pande zote mbili: mwani wa juu unakosa mwanga, na sponji na mayai ya chini yanaungua.

Umefanikiwa ikiwa: mtu anayekuja nyuma yako hawezi kutambua ni jiwe lipi uliligeuza.

## Hatua ya 9: Kugusa, na wa kutoguswa kabisa

Anayeruhusiwa kuguswa, mguse kwa kidole kimoja kilicholowa maji ya bahari, naye akiwa majini. Usivute kitu kilichojishika. Kiti cha pweza hushika kwa mamia ya vijiguu vyenye mdomo wa kunyonya. Ukimbandua, vingi hukatika na kubaki kwenye jiwe.

Na kiti cha pweza si pambo la ufuo. Mwaka 1966 mwanaikolojia Robert Paine alichapisha matokeo ya kuwaondoa wanyama wa jamii hiyo kwenye kipande cha mwamba katika pwani ya Washington, Marekani. Kome walitanda, wakasonga wengine, na aina alizokuwa akizihesabu zikashuka kutoka 15 hadi 8. Mla nyama mmoja ndiye aliyekuwa akiwaachia wengine nafasi.

Ukitaka kumtazama mdogo kwa karibu, tumia kopo: jaza maji ya dimbwi lilelile, mweke mmoja tu, kivulini, dakika mbili au tatu, kisha mrudishe pale ulipomtoa. Kaa wawili kwenye kopo moja watapigana. Makombe matupu yaacheni pia. Yale ni nyumba zinazosubiri wapangaji.

Wafuatao hawaguswi, hata kwa glavu:

- Konokono wa umbo la koni. Ana kombe zuri lenye michoro, na ndiyo hatari yake, maana huokotwa. Hufyatua mshale mdogo wenye sumu, na unaweza kufika upande wowote wa kombe. Baadhi ya jamaa zake wameua watu, na hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hiyo. Kanuni rahisi: kombe lolote la umbo la koni, mikono mfukoni.
- Samaki-jiwe. Hujilaza kama jiwe lenye mwani. Miiba ya mgongoni hupenya soli laini.
- Nungu wa bahari wa miiba mirefu myeusi. Miiba huvunjikia ndani ya nyama.
- Pweza mdogo mwenye pete za buluu, apatikanaye kuanzia Japani hadi Australia. Huweza kuuma bila maumivu makubwa, lakini sumu yake husimamisha pumzi.
- Konyeza, yule mnyama laini kama jeli, aliyekwama ufuoni. Akifa, minyiri yake bado inachoma.

## Hatua ya 10: Geuka saa ikifika

Mwangalizi akipuliza filimbi mbili, hakuna "picha moja tu". Rudini kwa njia mliyoshukia, maana mnaijua. Mfereji mliouvuka ukiwa mkavu ukiwa sasa na maji ya kifundo cha mguu, vukeni upesi. Ukifika magotini na maji yanakwenda kwa nguvu, msivuke hapo. Tafuteni mahali pa juu zaidi na mpige simu ya msaada mapema, kabla hali haijawa mbaya.

Njiani mtazame mambo mliyoyapita. Maji yanayorudi huamsha watu wa dimbwini: anemoni hufungua minyiri, vigamba vyeupe huanza kuchota.

## Mtu akiumia

Mwiba wa samaki-jiwe au taa. Hapa ndipo ile chupa ya chai inapofanya kazi. Sumu hizi hupungua ukali kwa joto. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, karibu nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Joto lipimwe na mtu mwingine kwa kiwiko chake. Aliyeumwa hatofautishi tena maumivu na moto, na wengi huishia na malengelenge. Kisha hospitali. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe; unaweza kuwa umeziba damu.

Miiba ya nungu. Inayochomoza itolewe kwa kibano, ikivutwa moja kwa moja. Iliyozama isichokolewe kwa sindano. Ikiwa karibu na kiungo, aione daktari.

Konokono wa koni au pweza wa pete za buluu. Mlaze, asitembee, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, mfungeni bendeji pana na imara juu ya kiungo chote, na mkimbizeni hospitalini hata kama anasema yuko sawa. Pumzi ikisimama, mpulizieni bila kukoma hadi msaada ufike.

Konyeza. Suuza kwa maji ya bahari. Usisugue, na usitumie maji ya kunywa yasiyo na chumvi, kwani huweza kufyatua vichomeo vilivyobaki. Siki ni kwa konyeza wa umbo la sanduku.

Mikato ya matumbawe na chaza huonekana midogo, halafu huoza. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, siku hiyohiyo.

## Mkisharudi

Suuzeni viatu na ndoo kwa maji yasiyo na chumvi, ili msibebe mbegu za mwani na viluwiluwi hadi ufuo mwingine. Andikeni siku hiyohiyo: tarehe, kimo cha maji, mtaa, mliyemwona na alikuwa akifanya nini. Picha za msiowajua mnaweza kuziweka kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako watumiaji wengine husaidia kutambua aina. Picha nzuri ni ya juu na ya pembeni, na kidole au penseli kando kuonyesha ukubwa.

Bamvua ijayo ni baada ya siku 14 au 15, na mahali pamoja maji hupwa sana karibu saa ileile ya mchana. Kwa hiyo kabla hamjaondoka ufuoni, pigeni picha ya konokono mmoja wa kombe la kofia pamoja na ufa au doa la jiwe lililo karibu naye. Mkirudi, nendeni kwake kwanza, mkaone kama yupo palepale.